Neno "nesh": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa Waswahili wanaoishi, wanaosoma au wanaofanya kazi katikati na kaskazini mwa Uingereza, na kwa wafasiri wanaokutana na neno hili vitabuni wakalikosa kwenye kamusi zao. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na Nottinghamshire nimekaa miaka 14. Mengi ya maswali haya huulizwa na wageni kila majira ya baridi yanapoingia. Machache nilijiuliza mwenyewe, nikayatafutia majibu kwa sababu neno lenyewe nimelipenda.

"Nesh" maana yake nini?

Ni sifa ya mtu asiyestahimili baridi. Wenzake wako na mashati, yeye kajifunika koti. Dirisha likifunguliwa upenyo wa kidole, analalamika. Akienda ufukweni, maji yakimgusa vifundo vya miguu anarudi nyuma. Huyo ndiye nesh.

Hiyo ndiyo maana utakayoisikia mara nyingi siku hizi. Nyuma yake iko maana pana kidogo: mtu mlegevu, mwepesi kuumia, anayekwepa kazi ya sulubu. Na nyuma ya hiyo iko maana ya kale kabisa, ambayo ni ulaini wenyewe, uwe wa nguo, wa tawi changa au wa moyo wa mtu. Watu wengi wanaolitumia neno hili leo wanaijua ile ya kwanza, wanaihisi ya pili, na ya tatu hawajapata kuisikia.

Linatamkwaje?

"Ne" kama katika "neno", kisha "sh" kama katika "shamba", lakini bila irabu mwishoni. Ulimi wa Kiswahili hupenda kufunga neno kwa irabu, kwa hiyo wengi wetu huanza kwa kusema "neshi". Utaeleweka hata hivyo.

Nimeambiwa "You're nesh, you". Nimetukanwa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, nami nalijibu kwa urefu kwa sababu lilinikuta.

Mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa kumi, nilikuwa nimesimama kituo cha basi nimejikunyata, kofia hadi kwenye nyusi. Jirani yetu mmoja, bibi mjane wa mchimba makaa ya mawe, alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 80, kichwa wazi, mikono mitupu. Alinitazama akasema: "You're nesh, you, duck." Nilirudi nyumbani nikafungua kamusi yangu ya wanafunzi. Neno halikuwamo. Nikadhani ni neno baya la kunisema mimi kama mgeni, nikalibeba moyoni wiki nzima. Siku ya nane bibi yule akabisha hodi, ameshika glavu za sufu alizozifuma mwenyewe.

Basi jibu ni hili: mara nyingi hujatukanwa. Ukiona neno "duck" limefuata, tulia kabisa. Huko Nottinghamshire, Derbyshire na Stoke-on-Trent, "duck" ni namna ya kumwita mtu kwa upendo, awe mwanamke au mwanamume, mkubwa au mdogo, kama sisi tunavyosema "mwanangu" kwa mtoto asiye wetu. Hiyo "you" inayorudiwa mwishoni nayo si ya kukunyooshea kidole. Ni mkazo tu wa lugha ya huko. Utasikia pia mtu akijisema mwenyewe, "I'm nesh, me".

Lakini sitaki kukudanganya kwamba neno halina makali. Msimamizi wa kazi akimwambia kijana anayeomba glavu kwenye baridi ya nyuzi sifuri kwamba aache kuwa nesh, hapo neno linatumika kumnyamazisha mtu mwenye haja ya haki. Wavulana wengi wamekua wakiambiwa hivyo kila walipolia au kuogopa. Tazama nani anasema, anamwambia nani, na baada ya kusema anafanya nini. Yule anayekuita nesh huku anakusogezea kiti karibu na hita hana neno nawe.

Linasemwa wapi hasa?

Kitovu chake ni Nottinghamshire, Derbyshire na Staffordshire, kisha Cheshire, Shropshire, Lancashire na kusini mwa Yorkshire. Kwa majina ya miji: Nottingham, Derby, Sheffield, Stoke-on-Trent, na kuelekea Manchester. Zamani lilisemwa pia kusini magharibi, Dorset na Devon, mara nyingi kwa sauti ya "nish". Ukienda London ukalitumia, wengi watakuuliza umesema nini.

Kwa Waswahili eneo hili si geni. Leicester, mji mkubwa wa jirani, una familia nyingi za Kihindi zilizofukuzwa Uganda mwaka 1972, nyingine zilizotoka Kenya na Tanzania, na wazee wao wapo ambao Kiswahili hakijawatoka mdomoni. Watoto wao walizaliwa ndani ya lafudhi ya Midlands, yaani sehemu ya katikati ya Uingereza. Ndiyo maana unaweza kumsikia mtu mmoja akitumia "nesh" na "jamani" siku moja, kila neno mahali pake.

Je, hili si neno la mtaani, au Kiingereza kibovu?

Hapana, na naomba nisisitize. "Nesh" ni kongwe kuliko maneno mengi yanayoitwa ya heshima. "Tender" liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa, na "delicate" lina asili ya Kilatini. Yote mawili yalikuja baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. "Nesh" lilikuwepo kabla yao, vinywani mwa wakulima na kalamuni mwa watawa. Wageni walipofika na lugha ya watawala, neno la wenyeji likasukumwa nje ya vitabu, lakini vijijini halikutoka.

Sisi jambo hili tunalijua kwetu. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu hapo mtoto wa Mombasa anayesema "ndia" husahihishwa darasani aandike "njia". "Ndia" si kosa. Ni lahaja ambayo haikuchaguliwa. Mtu wa Derby anayesema "nesh" yuko katika hali hiyo hiyo, na kumwambia hajui Kiingereza ni kumdhulumu.

Asili yake ni ipi?

Katika Kiingereza cha kale liliandikwa "hnesce", na lilitamkwa takriban "hneshe". Herufi "sc" zilikuwa na sauti ya "sh": "fisc" ndilo "fish" la leo, na "scip" ndilo "ship". Ile "h" ya mwanzo ilidondoka kama ilivyodondoka kwenye "hnutu" likawa "nut", "hring" likawa "ring", na "hlaf" likawa "loaf". Irabu ya mwisho nayo ikapotea. Kwa hiyo Mswahili anayesema "neshi" anairudishia irabu iliyoangushwa na Waingereza wenyewe karne nyingi zilizopita.

Mfano wake ninaoupenda kuliko yote umo katika Injili. Mwishoni mwa karne ya 10, Injili nne zilikuwa zimetafsiriwa katika Kiingereza cha Wessex, ufalme wa kale wa kusini mwa Uingereza. Fungua Mathayo 11:8, pale Yesu anapowauliza makutano kuhusu Yohana Mbatizaji: mlitoka kwenda kuona nini, mtu aliyevaa mavazi ya namna gani? Mfasiri wa Wessex aliandika "hnescum gyrlum", yaani mavazi yaliyo "nesh". Biblia ya Kiswahili ya Union Version inasema "mavazi mororo".

Sasa rudi nyuma miaka 600 zaidi. Katika karne ya 4 askofu Wulfila aliwatafsiria Wagothi, watu wa kale wa jamii ya Kijerumani, Biblia kwa lugha yao. Sehemu ya tafsiri hiyo imebaki katika kitabu cha ngozi iliyotiwa rangi ya zambarau, chenye herufi za fedha na dhahabu, kilichohifadhiwa Uppsala, Uswidi. Mstari huo huo wa Mathayo umo, na neno la mavazi ni "hnasqjaim". Ni ndugu wa damu wa "hnesce". Lugha ya Kigothi imekufa, Wagothi wamekwisha kama taifa, lakini ndugu wa neno lao bado anasimama kituo cha basi Nottinghamshire akimwambia mtu avae sweta.

Na mahali pengine, Mathayo 24:32, tawi la mtini linapokuwa laini na kuchanua majani, tafsiri ya Wessex inatumia tena "hnesce". Hapo hakuna dharau hata chembe. Tawi laini ni tawi lililo hai.

Basi ilikuwaje ulaini ukageuka aibu?

Katika Kiingereza cha kati, takriban kati ya karne ya 12 na ya 15, "nesh" lilikuwa kinyume cha kawaida cha "hard". Watu walisema "hard and nesh", au "nesh and hard", wakimaanisha hali zote, ya ngumu na ya laini, kama sisi tunavyosema kwa shida na raha. Ulaini ulikuwa sehemu ya dunia tu, haukuwa kasoro.

Wakati huo huo "soft", ambalo asili yake lilimaanisha kitu cha upole na cha kustarehesha, lilianza kutumika kwa ulaini wa kushika kwa mkono. Polepole likachukua kiwanja cha "nesh". Nguo ikawa "soft", nta ikawa "soft", mkate ukawa "soft". "Nesh" likabaki na kipande kimoja tu, mwili wa binadamu na udhaifu wake. Neno likibaki na kazi moja, huchukua rangi ya kazi hiyo.

Mimi naona pia kwamba mahali lilipobakia palichangia. Hizi ni wilaya za migodi ya makaa ya mawe, za vinu vya pamba, za viwanda vya vyungu na vya chuma. Chini kabisa mgodini mna joto, mtu anatoka jasho, halafu anapanda juu usiku wa Januari na nguo zimelowa. Mahali kama hapo, kumpima mtu kwa jinsi anavyoistahimili baridi si jambo la kushangaza. Hii ni fikra yangu ya kuishi na watu hawa, usiinukuu kama matokeo ya utafiti.

Nimelikuta katika riwaya ya zamani. Liko wapi vitabuni?

Sehemu mbili wanafunzi wa fasihi huniletea mara kwa mara.

Ya kwanza ni "Mary Barton" ya Elizabeth Gaskell, iliyotoka 1848. Mwanzoni tu, familia mbili za wafanyakazi wa Manchester zimetoka kupunga hewa mashambani, na mmoja anawakaribisha wengine wakae kwenye majani kwa kuwa wao si watu "nesh" wa kuogopa kupata mafua. Chini ya ukurasa kuna maelezo mafupi yanayolirudisha neno kwenye Kiingereza cha kale. Mume wa mwandishi, William Gaskell, alikuwa mchungaji Manchester na alikipenda sana Kiingereza cha Lancashire, hata akatoa mihadhara miwili kuhusu lahaja hiyo, iliyochapishwa 1854. Wazo lao lilikuwa kuwaonyesha wasomaji wa kusini kwamba wafanyakazi hawa hawakuwa wameharibu lugha, bali walikuwa wameihifadhi. Nami nawashukuru kwa hilo.

Ya pili ni "Sons and Lovers" ya D. H. Lawrence, 1913. Lawrence alizaliwa Eastwood, Nottinghamshire, mwana wa mchimba makaa, na neno hili alilisikia nyumbani. Katika riwaya, Morel ametoka mgodini na anaoga jikoni mbele ya moto. Upepo wa baridi unapita. Anamwambia mkewe kwamba angekuwa yeye mke, na mbavu zake hizo "nesh", angeanguka akakauka papo hapo. Ukitaka kuielewa picha hiyo, kumbuka kwamba bafu za migodini zilianza kuenea baada ya sheria ya 1926. Kabla ya hapo mchimba makaa alirudi nyumbani mweusi tii, akaoshwa mgongo na mkewe kwenye beseni. Ndani ya neno hilo moja mna kejeli kidogo, na mna ukaribu wa mume na mke waliokwisha gombana sana. Nimeona tafsiri za lugha nyingine zikiandika "dhaifu" tu hapo, na nusu ya chumba inapotea.

Tofauti yake na "mardy", "starved" na "nithered" ni ipi?

"Mardy" ni mtu wa kununa, hasa mtoto aliyedekezwa. "Nesh" ni mwili, "mardy" ni hali ya roho. Mtu anaweza kuwa yote mawili asubuhi ya Jumatatu.

"Starved" ndilo linalowatega wageni. Katika Kiingereza sanifu ni mwenye njaa kali. Lakini mzee wa Midlands au wa kaskazini akisema "I'm starved", huenda ana baridi, wala usimkimbilie na sahani. Neno linatokana na "steorfan" la kale, maana yake kufa, na ni ndugu wa "sterben" la Kijerumani. Kusini kifo hicho kikawa cha njaa, kaskazini kikawa cha baridi. Kwa njaa, watu wa Lancashire na Staffordshire walikuwa na neno lao, "clemmed".

"Nithered" ni la Yorkshire, na ni kuganda kwa baridi hadi kutetemeka. Mtu yeyote huweza kuwa "nithered" akinyeshewa mlimani. Nesh ni yule anayetetemeka sebuleni.

Naweza kusema hali ya hewa ni "nesh"?

Hapana. Baridi ni baridi, anayekuwa nesh ni mtu.

Na nikisikia baridi leo tu, mimi ni nesh?

Kwa kawaida neno hili huhusu tabia ya kudumu. Ukisikia baridi kwa sababu umesahau koti, sema "I'm cold". Ukisikia baridi hata ukiwa na koti, huku wengine wanakula barafu ya maziwa, hapo ndipo panapofaa. Wapo wanaolitumia kwa baridi ya siku moja, hasa vijana, na hakuna atakayekukamata.

Kuna kitenzi chake, au nomino?

Nomino ni "neshness". Kitenzi kilikuwepo zamani, "hnescian", kulainisha au kulainika, lakini wewe jifunze sifa tu. Mara nyingi hutanguliwa na "right", "dead" au "proper" kwa kuongeza uzito: "right nesh".

Linahusiana na "nice"? Yanafanana.

Hapana. "Nice" limetoka Kifaransa cha kale, nalo asili yake ni "nescius" la Kilatini, mtu asiyejua kitu. Limezunguka hadi kumaanisha kizuri. Kufanana ni bahati tu.

Nani aliyakusanya maneno kama haya?

Hapa naomba nafasi, kwa sababu habari za mtu huyu zilinifanya nianze kuandika maneno kwenye daftari.

Joseph Wright alizaliwa 1855 Thackley, karibu na Bradford, Yorkshire. Familia ilikuwa maskini. Alianza kazi akiwa mtoto wa miaka sita, akiongoza punda, kisha akaingizwa kiwandani. Alifika umri wa takriban miaka 15 hajui kusoma wala kuandika. Akaanza kujifundisha, akaenda madarasa ya usiku, akaweka akiba. Mwaka 1876 alisafiri hadi chuo cha Heidelberg, Ujerumani, na sehemu ya safari hiyo, kutoka Antwerp, aliikata kwa miguu ili fedha zake zidumu. Baadaye akawa profesa Oxford. Kati ya wanafunzi wake alikuwemo J. R. R. Tolkien.

Kazi yake kubwa ni kamusi ya lahaja za Kiingereza, juzuu sita, iliyotoka kati ya 1898 na 1905. Ilijengwa kwa mamia ya watu waliomtumia maneno ya vijiji vyao kwenye vipande vya karatasi. "Nesh" limo, pamoja na maana zake na wilaya zake. Mtu aliyekua akisema lahaja ya Yorkshire, ambayo wenye shule waliiona ya kishamba, ndiye aliyeijengea lugha hiyo ghala. Ninapowasikia vijana wa kwetu wakiona haya kusema Kipemba au Kimtang'ata mbele ya watu, humfikiria yeye.

Baada ya vita vya pili vya dunia chuo kikuu cha Leeds kikafanya kazi nyingine ya aina hiyo chini ya Harold Orton na Eugen Dieth. Kati ya 1950 na 1961 watafiti walizunguka sehemu 313 za Uingereza wakiwahoji hasa wazee wa vijijini, wakiwa na maswali zaidi ya 1,300. Wengi wa wazee hao walizaliwa karne ya 19. Bila kazi hiyo sauti zao zingekwenda nao kaburini.

Neno hili limevuka bahari?

Ndiyo. Wavuvi na walowezi kutoka kusini magharibi mwa Uingereza walilipeleka Newfoundland, Kanada, na huko lilibaki kwa umbo la "nish": kilicho laini, chororo, chepesi kuumia. Ukisoma maandishi ya huko ukakutana na "nish", ni yule yule.

Neno hili litafsiriwe vipi kwa Kiswahili?

Hakuna neno moja linalotosha, na usijilazimishe kulipata. Mimi huangalia kwanza sentensi inahusu nini.

Kama ni baridi tupu, sema hivyo: "haiwezi baridi", "baridi inamshinda", "mwoga wa baridi". Kwa mazungumzo ya kawaida hizi zinatosha kabisa. Tunaijua hali yenyewe. Kipupwe kikiingia Tanga, wazee hutoa masweta kwa baridi ambayo mtu wa Lushoto angeiita joto. Mtu wa pwani akipangiwa kazi Njombe, mwezi wa saba wenyeji humtazama alivyojifunga shuka juu ya koti, wakacheka. Kicheko kile cha Njombe ndicho "nesh". Neno tu ndilo tulilokosa.

Kama ni malezi, yaani mtu aliyekua bila kuguswa na shida, "kudeka" linafaa: "umedekezwa wewe", "acha kudeka". Limebeba ule mchanganyiko wa kukaripia na kupenda ambao "dhaifu" halina. Kijana wa Dar es Salaam angesema "mtoto wa kishua", lakini hilo lina harufu ya fedha, na "nesh" halijali fedha. Binti wa mchimba makaa naye aliweza kuwa nesh.

Kama ni ulegevu wa kazi, "legelege" au "goigoi", ingawa "goigoi" lina uvivu zaidi ya ulaini.

Na kama maandishi ni ya kale, ya karne ya 10 hadi ya 15, rudi kwa "-ororo". Nguo nyororo, moyo mwororo, mavazi mororo. Hapo tuna neno ambalo bado lina heshima yake yote. Mwimbaji wa taarabu akisifu mkono mwororo, hakuna anayedhani amemdharau mwenye mkono. Kiingereza kilikuwa na neno la namna hiyo, na kwenye kiwanja hicho kimelipoteza.

Kwa ile sehemu ya Lawrence mimi ningeandika: "na mbavu zako hizo zilizodeka". Najua mbavu hazideki. Lakini ndivyo mume angesema jikoni.

Kuwa nesh ni ugonjwa?

Kwa kawaida hapana. Watu hutofautiana kwa unene, misuli, umri na mazoea, na aliyekulia joto huchukua muda kuzoea. Lakini kama ulikuwa huna shida na baridi, na sasa unasikia baridi kila wakati, huku unachoka au unaongezeka uzito bila sababu, nenda kwa daktari. Upungufu wa damu na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri huleta hali hiyo. Wachanga na wazee wasiambiwe wajikaze. Baridi huwadhuru kweli.

Nilitumie kwenye mtihani wa Kiingereza, au kwenye barua ya kazi?

Usilitumie. Si kwa sababu ni baya, ila msomaji wako huenda halijui. Kwa mazungumzo na majirani, tumia kwa moyo mweupe. Sijamwona mtu wa Nottingham aliyechukia kusikia neno la bibi yake kinywani mwa mgeni.

Linakufa?

Migodi iliyolizunguka imekwisha. Thoresby, mgodi wa mwisho wa Nottinghamshire, ulifungwa Julai 2015, na Kellingley wa Yorkshire, mgodi wa mwisho wa kina kirefu nchini, Desemba mwaka huo huo. Maneno ya kazi ya mgodini yanaondoka pamoja na wazee. "Nesh" halijaondoka, kwa sababu baridi ipo. Nalisikia kwa watoto wa shule kila siku. Limechapishwa kwenye vikombe na fulana za kuuzwa kwa watalii, jambo linalonitia wasiwasi kidogo: neno likianza kuuzwa kama kumbukumbu, huenda watu wameanza kuliona la makumbusho. Ila mwanangu, aliyezaliwa hapa, hulitumia bila kujua kwamba lina historia. Juzi alimwambia babu yake wa Tanga kwenye simu, kwa Kiswahili, "Babu, mama ni nesh sana." Babu akauliza nesh ni nini. Mtoto akafikiri, akamjibu: "Ni mtu ambaye anataka blanketi."

Nikiambiwa mimi ni nesh, nijibu nini?

"I am, me. Shut that door." Utaona wanavyokwenda kuufunga.